Vidonge vya Famau

Kijisanduku cha vidonge kilidondoka kutoka mfuko wa kanzu ya mumewe Famau, kikaelea juu ya povu la kufulia. Sumeiya alikiokota kabla hakijazama, akaianika karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani, kisha akaifunga pembeni mwa leso na kushika ndia ya zahanati.

"Bi Sumeiya, hizi ni dawa za kuotesha nywele," alisema nesi Gakii. "Ni za mzee?"

"Mzee wangu ana kipara tangu mtoto wa tatu. Zina madhara?"

Gakii alisita. "Wengine huumwa kichwa. Na wanaume wachache, hamu ya mke hupungua. Akiona hivyo, aache, aje tumwone."

Kurudi nyumbani, Sumeiya hakujua alikanyaga wapi. Kitendawili gani hiki? Famau havui kofia sokoni, havui msikitini, havui hata akinywa kahawa na wenziwe. Shamba lililofunikwa toka alfajiri hata isha, mwenyewe analiotesha mimea ionwe na nani? Kichwa kile hukiona mke tu, na mke aliyepo hajakilalamikia hata siku moja. Basi yuko mwingine njiani.

Jioni alimchokoza. "Na hizo nywele, Bwana, wazitaka lini?"

Famau alishtuka, akacheka kidogo. "Kumbe umeviona vidonge. Nataka ziwe zimeota ikifika Shaabani. Usimwambie mtu."

Shaabani, mwezi wa harusi. Sumeiya aliingia jikoni akakoroga mchuzi usiotaka kukorogwa.

Siku tatu alipima. Alipima akipepeta mchele. Alipima katikati ya sala, akasahau rakaa. Akimwambia madhara, mume ataacha dawa, atabaki na kipara chake na nguvu zake, na bibi harusi atazikuta. Asipomwambia, atakosa yeye Sumeiya. Lakini na huyo mwingine atakosa.

Siku ya nne alimpelekea kidonge na gilasi ya maji.

"Meza, Bwana. Usiruke hata siku moja."

"Mungu akuweke, Sumeiya. Nilidhani utanicheka."

Miezi ikapita. Vinywele vikachomoza, laini kama vya kifaranga. Na kitandani Famau akawa mtu wa kugeukia ukutani. "Uzee huu," alisema. Sumeiya akaitikia kwamba ndio, uzee.

Mwezi wa Rajabu ulipokwisha, Shaabani ikaandama, Famau alimketisha, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Tazama vyema. Zatosha?"

"Kumtosha nani? Mtaje."

"Kinyozi wa Makka. Wenye nywele hunyoa wamalizapo ibada. Mwenye kipara hupitishiwa wembe mkavu tu. Niliona haya kufika kule sina hata unywele wa kutoa."

Akamkunjulia karatasi ya msafara wa umra. Ilikuwa na majina mawili, na la pili lilikuwa Sumeiya.