Dakika Moja ya Ukimya

Kijiko kilianguka sakafuni kabla hapajapambazuka, na dakika ikaharibika tena.

"Babu Tauno!" Saimi alivua visikizi masikioni, akacheka. "Kijiko nacho kilikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Vidole vya uzee, binti. Nisamehe."

Havikuwa vidole vya uzee. Jana Tauno alikohoa, juzi alivuta kiti. Hii ilikuwa asubuhi ya tisa.

Saimi alitengeneza filamu fupi. Mwezi Januari alipiga picha za filamu hiyo jikoni humu, ghorofa ya tatu mjini Tampere: mzee mjane anachemsha kahawa, anamimina vikombe viwili kwa mazoea. Mzee huyo alikuwa Tauno mwenyewe. Kilichobaki, Saimi alisema, ni kurekodi dakika moja ya ukimya wa jikoni humu, alfajiri, magari yakiwa bado yamelala. Ataitumia kuziba mapengo kati ya maneno, maana ukimya wa chumba kingine haufanani.

Tauno alijua kitakachofuata. Ukimya ukipatikana, binti hatarudi. Tangu mkewe Kerttu azikwe, hakuna mwingine aliyekalia kiti cha pili cha jikoni.

Walipumzika kidogo, wakala mkate mtamu wa iliki aliokuja nao Saimi. Alimkatia mzee kipande cha katikati, kile laini, yeye akatafuna ukoko.

"Mbona filamu zako fupi hivyo?" Tauno aliuliza. "Wenzako wanatengeneza za saa tatu, mtu anasinzia, anaamka, bado zinaendelea."

"Za saa tatu zina watu wengi, babu. Mimi mtu mmoja ananitosha. Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Picha zake ninazo tele. Sauti za jikoni kwetu sina hata moja."

Akapiga chafya. Soksi zake zilikuwa zimelowa theluji.

Tauno aliona haya. Mtoto wa watu anaugua kwa sababu yeye hataki kubaki peke yake! Akaenda chumbani, akarudi na soksi za sufu alizofuma Kerttu, akampa avae.

"Washa mashine yako," akasema. "Safari hii nitakuwa jiwe."

Alikunja mikono kifuani. Hakuna kilichogonga, hakuna kilicholia. Dakika ikapita nzima.

"Nimeipata," Saimi alisema. Alikunja nyaya polepole, akamshika mzee mkono kwa muda mrefu, kisha akaanza kushuka ngazi. Tauno alibaki mlangoni akisikiliza hatua zake.

Mlango wa pili ukafunguka. Jirani yake, Irja, alikuwa anaokota gazeti.

"Haa, nyota wetu! Jumamosi iliyopita uliniliza mpaka kitambaa kikalowa."

"Mimi nilikuliza? Wapi?"

"Si kwenye tamasha la filamu! Filamu yenu ilionyeshwa nzima, imekamilika, wewe na kahawa yako. Ukumbi ulijaa, watu wakasimama kupiga makofi. Yule binti alikuwa mbele pale, peke yake. Nikasema, mbona Tauno hakuja?"

Huko chini, hatua zilisimama.

Tauno aliinama juu ya ukingo wa ngazi.

"Saimi!" aliita. "Pale mwishoni nilipumua kwa nguvu. Imeharibika. Njoo tena kesho!"