Minyororo ya Trekta la Magogo

Kilima kilikuwa kimeganda tangu usiku, nyasi zote nyeupe kwa barafu. Mwalwisi, dereva wa trekta la kuvuta magogo, alikwisha kuchagua minyororo myembamba ya kufunga kwenye matairi.

"Hii naifunga mara moja, mke wangu. Ile minene itanivunja mgongo."

"Mgongo utapona," alisema Sekela, mkewe. "Ukiteleza mpaka bondeni, nitakuokota na nini?"

Mama Tumpe, muuza minyororo pale chini ya kilima, akacheka. "Msigombane dukani kwangu. Hapa mtu hanunui minyororo kabla hajaijaribu kilimani."

Wakafunga myembamba. Trekta lilipanda kidogo, likasita, kisha likaanza kurudi nyuma na gogo lake, taratibu, mpaka likagota kwenye tuta. Sekela alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Mwalwisi akashuka, akaenda kuburuta ile minene. Sekela akashika upande wa pili, wakaifunga, na Mwalwisi akarudi kwenye usukani.

Safari hii chuma kiliuma. Barafu ilipasuka na kuruka huku na huku kama vigae vya kioo, na lile gogo, ambalo wanaume kumi wasingelitikisa, likaanza kupanda. Linapanda tu, bila haraka.

"Jamani," Sekela alinong'ona. "Jamani, linakwenda."

"Usimwite mumeo," alisema Mama Tumpe. "Mwache apande."

Ukungu ukalimeza trekta, kisha gogo. Sekela alibaki kasimama, viganja vimejaa kutu, akisikiliza minyororo ikitafuna barafu, juu, na juu zaidi, hata kule alikodhani kilima kimekwisha.