Sayari ya Dirishani

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshika upande mmoja tu wa chupa, na mama akajua mtoto ameamka vizuri.

"Umelala salama, Profesa?" akauliza. Akaizungusha chupa kidogo pale dirishani, kama alivyoagizwa, ili kila upande upate zamu yake ya mwanga.

Mumewe alikuwa mlangoni anavaa viatu. Hakugeuka. Tangu msiba, mama hakuwahi kumwona akiigusa chupa ile wala kukaa kwenye kiti kinachoielekea. Hata chai alikunywa amesimama, kama mpita njia.

"Ni chupa tu hiyo, mke wangu," alisema, akatoka kwenda karakana yake iliyo nyuma ya nyumba.

Zamani alikuwa akimwita Mama Profesa. Jina la Profesa alilitoa yeye mwenyewe, kwa sababu ya maswali ya binti yao wa pekee. Baba, jua likisogea karibu kidogo, tutaiva? Baba, mbona mwezini hakuna hata mbu? Fundi wa vioo atajulia wapi habari za mwezi, lakini aliyajibu yote, mengine kwa kubahatisha, na mtoto akayaamini.

Shuleni walipotakiwa kuonyesha kinachoifanya sayari iweze kubeba uhai, Profesa alidai chupa kubwa yenye mdomo mpana. Akatia udongo, akatia vimea vya kijani alivyobandua kwenye ukuta wenye unyevu, kisha akahesabu kwa vidole mbele ya wazazi wake. Maji. Mwanga. Joto, lakini la kiasi, kwa hiyo chupa isisogezwe sana dirishani ikaungua, wala isifichwe gizani ikapoa.

"Na hewa," alimalizia. Akainama, akapuliza ndani pumzi ndefu mpaka kioo kikapata ukungu. "Ziba, baba. Ziba haraka."

Baba akaziba kwa gundi yake nyeusi ya vioo, huku akicheka. Siku ya maonyesho ilipofika, Profesa alikuwa ameshazikwa. Ilikuwa homa, na haikuchukua hata wiki.

Kwa hiyo pumzi yake imo humo. Mama hakumwambia jirani yeyote, asije akaonekana amerukwa na akili. Mumewe alijua, na ndiyo maana ubaridi wake ulimuuma mno.

Mwaka ule wa kwanza vimea vilianza kugeuka rangi ya kahawia. Mama akashindwa kula. Dada yake akaja kumchukua akapumzike kwake, na aliporudi alikuta kijani kimerejea, kibichi kama siku ya kwanza. Alilia kwa furaha. Mumewe alikuwa uani ananawa mikono, udongo umejaa chini ya kucha. Fundi wa vioo na udongo wapi na wapi, mama alijiuliza, kisha akasahau.

Ambalo hakulisahau ni sweta. Sweta la shule la Profesa lilitoweka kabatini siku zile zile, na alipouliza, mumewe alijibu bila kumtazama, "Nimelichukua." Hakusema amempa nani. Mama aliweka kinyongo, na kinyongo hicho kilikuwa bado kipo siku ile alipochukua kitambaa kibichi kuifuta chupa vumbi.

Iliteleza.

Kabla hajajua anafanya nini alikuwa amepiga magoti katikati ya vigae vya chupa, mdomo wazi, akivuta hewa kwa nguvu zake zote, akavuta tena, ili mtoto asipotee. Hewa ilinukia udongo tu.

Aliingia karakanani na kipande cha kioo mkononi, damu ikimchirizika. Mumewe aliweka chini kioo alichokuwa akikipima.

"Umejikata?"

"Amekwenda, Baba Profesa. Nimemwangusha mwenyewe."

Mwanamume yule hakugomba. Aliufunga mkono wake kwa kitambaa, kisha akainama, akasogeza gunia lililoning'inia mbele ya meza ya kazi. Nyuma yake, kwenye kidirisha cha chini, zilipangwa chupa. Kila moja ilikuwa na udongo wake, vimea vyake, na gundi nyeusi mdomoni.

"Uliyovunja si yake," alisema. "Yake ilikufa mwaka ule ule. Wewe ulikuwa huli. Ningekuonyesha nini? Basi kila inapoanza kunyauka, nabadilisha. Pumzi uliyokuwa ukiisalimia ni yangu."

Mama alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumkumbatia.

"Na yake iko wapi?"

Fundi alipanda kwenye kigoda, akapenyeza mkono nyuma ya vioo vya kujitazamia, kwenye rafu ya juu ambako mwanga haufiki. Alishuka na kifurushi amekikumbatia kifuani. Mama akalijua lile sweta kabla halijafunguliwa.

"Sijaitazama tangu nilipoiviringisha," mumewe alisema. "Kuitupa sikuweza, Mama Profesa."

Alilifungua sweta pole pole juu ya meza. Gundi ilikuwa ile ile, haina ufa. Ndani, udongo ulikuwa umekauka ukapasuka, na vimea vimebaki vumbi jeusi. Hapakuwa na tone la maji.

Kwenye kioo palikuwa na doa dogo la duara. Baba akalifuta kwa kiganja. Halikutoka. Akafuta tena kwa kitambaa, ndipo wote wawili wakaona kwamba liko upande wa ndani, na kwamba ni ukungu.

Ukafifia taratibu mpaka kioo kikabaki kitupu. Kisha ukarudi.