Harufu Aliyoichagua Sekela

Gesi ya kupikia haina rangi wala harufu, kwa hiyo siku hizi kila nyumba hujichagulia harufu ya kutiwa ndani yake, ikivuja wenyewe washtuke.

"Chagua unayoichukia, mama," karani wa duka la gesi alimwonya Sekela. Jirani yake alikuwa amechagua mayai viza. Sekela akatoa shati la marehemu mumewe ili gesi yake itiwe harufu hiyo, lililonuka jasho na grisi ya baiskeli.

Jioni moja binti yake, Atupele, aliingia jikoni na kiberiti ili abandike chai. Jiko halikuwa limewashwa, lakini harufu ilikuwa imejaa hadi sebuleni.

"Mama, gesi inavuja!"

Sekela alikuwa amekaa sakafuni, amefumba macho, anatabasamu.

"Funga mlango, mwanangu," alisema taratibu. "Baba yako asije akatoka."