Pastechi za Jumamosi

Mama aliigeuza pastechi, akapitisha kidole ukingoni mwake, kisha akairudisha kwenye sahani bila kuionja.

"Siyo hii," alisema.

Ilikuwa ya tatu tangu asubuhi. Rignalda alikuwa amezunguka nusu ya Curaçao akiitafuta. Pastechi ni binamu mnene wa sambusa, na kisiwani hakuna kona isiyo na kibanda chake, lakini siku hizi zote zinabanwa kwa uma na ndani ni jibini tupu. Alipoulizia za zamani, zenye nyama, zabibu na zeituni, ukingo umesukwa kwa vidole, muuzaji wa mwisho alimcheka.

"Za zamani nilizonazo ni za jana, dada, na hizo sikuuzii. Uso wako unaonyesha una matatizo ya kutosha."

Padri alikuwa amekuja jana, akayasikiliza maungamo ya mama na kumpaka mafuta. Daktari hakuwa na la kuongeza. Tangu padri aondoke, mama hakutaka uji wala supu. Alitaka pastechi tu.

"Zile alizokuwa akileta baba yako Jumamosi," alisema, macho ameyafumba.

Rignalda alijifanya anakunja shuka. Alijua vizuri zilikotoka, na jambo hilo lilikuwa limemkaa rohoni tangu utotoni.

Kila Jumamosi baba alikuwa akimpeleka mtaa wa Otrobanda, kwenye nyumba ya njano ya Shon Emerensia; Shon kwao ni neno la heshima, kama Bi. Pale baba hakubisha hodi wala hakuuliza vikombe viko wapi. Ndara zake zilikuwa chini ya kitanda cha yule mwanamke, na hata mtoto anaelewa maana ya ndara. Wakiwa njiani kurudi, baba alisema neno moja tu: "Ya Otrobanda yanabaki Otrobanda."

Rignalda aliyabakisha huko. Kibaya zaidi, alipapenda. Alipenda kukaa jikoni kwa Shon Emerensia, kupewa pastechi ya kwanza ikiwa bado inachoma vidole. Nyumbani mama aliwagawia watoto zilizobaki, akakaa na mikono mapajani. "Kuleni. Mimi sina njaa." Na Rignalda alikula tena, mbele ya mama yake, akijiona msaliti huku anatafuna.

Siku ya mazishi ya baba, Shon Emerensia alikaa benchi la mbele kabisa, amevaa nyeusi, watu wakapanga foleni kumpa mkono. Rignalda alitamani ardhi immeze. Alichoshukuru ni kwamba presha ilimpanda mama asubuhi ile, akabaki nyumbani, hakuyaona hayo.

Sasa alikuwa amesimama tena mbele ya nyumba ile ya njano.

Mlango ulifunguliwa na kikongwe mwembamba mwenye fimbo. Alimtazama Rignalda usoni.

"Wewe ni binti wa Elvio," alisema. "Paji la uso ni lile lile. Ingia basi, usinisimamie mlangoni kama askari."

Rignalda aliingia, akayasema yote kwa pupa kabla ujasiri haujamtoka. Mama yuko ukingoni. Anataka pastechi zile. "Nakuomba tu, Shon, jambo hili libaki hapa. Mama hajui kitu. Mwache afe na amani yake."

 Shon Emerensia alivaa aproni, akatoa unga. Alikanda, akakata, akajaza nyama, akaanza kusuka ukingo kwa vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Mafuta yalipoanza kulia kikaangoni, Rignalda alishindwa kujizuia.

"Nimemkosea sana mama yangu," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa nakula hapa, halafu narudi namtazama usoni."

"Na yeye alikuwa anakula?"

"Nani?"

"Mama yako. Hizi nilizokuwa nikimpelekea."

"Hapana. Alikuwa anasema hana njaa."

"Wala siku moja?"

"Wala siku moja, Shon."

"Na leo ameziomba mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Tangu padri aondoke hataki kingine."

Mikono ya kikongwe ilisimama juu ya unga. Aligeukia dirishani, akakaa hivyo mpaka Rignalda akaogopa pastechi zitaungua. Kisha akaziopoa moja moja, taratibu.

"Nenda sebuleni ukaniletee kitambaa cheupe kilicho mezani," alisema.

Rignalda alikwenda. Kitambaa kilikuwa mahali pake, na juu yake, ukutani, ilining'inia picha kubwa ya harusi. Baba alisimama mlangoni mwa kanisa ndani ya suti mpya, kijana mwembamba asiye na mvi hata moja, wa enzi ambazo Rignalda hakuwa amezaliwa. Nyumbani kwao picha ya namna hiyo haikuwapo. Mama alikuwa akisema ililiwa na mchwa.

Bibi harusi aliyeshika mkono wa baba alikuwa Shon Emerensia.

Alirudi jikoni, akakikabidhi kitambaa. Shon Emerensia alizifunga pastechi zikiwa bado za moto, akamwekea mikononi.

"Mwambie ale kwa amani," alisema. "Mume wangu nilishamsamehe zamani. Yeye nilikuwa nasubiri aombe."