Pasi ya Mwisho ya Tunu

Tunu alibakiza pasi moja tu kuvunja rekodi ya chuo, na hii ilikuwa mechi yake ya mwisho ya mpira wa kikapu kabla ya kuhitimu. Ushindi ulikuwa wao tayari. Sekunde chache kabla ya mwisho alimwona Nyamizi, rafiki yake wa chumba kimoja, yuko peke yake chini ya goli. Akamrushia mpira mikononi.

Lakini pasi huhesabiwa mwenzako akifunga. Nyamizi aliudaka mpira, akalitazama goli, kisha akageuka na kuanza kuudunda taratibu kurudi katikati ya uwanja, mpaka filimbi ikalia.

“Mbona hukufunga?” Tunu alimuuliza.

“Jana ulisema redioni kwamba bila wewe mimi si lolote.”

“Nilikuwa natania, Nyamizi.”

“Na mimi nimetania.”

Mpiga picha akawaita wasogeleane. Nyamizi akampitishia mkono begani na kutabasamu. Tunu hakuutoa ule mkono. Alikaza macho kwenye wavu, uliokuwa umening’inia kimya, hautikisiki.