Kabati la Mama

Kabati lililotoka jikoni kwa mama yake Mize lilizidi nafasi yake kwa upana wa vidole vitatu. Nyumba ilikuwa ya kale, inakarabatiwa, na kuzichonga kuta zake kulikatazwa.

“Nilikate, Bi Mize, au nikurudishie?” aliuliza fundi Chande.

“Unirudishie wapi? Jiko la mama wameshalibomoa.”

“Basi usitazame.”

“Mama nilimwosha kwa mikono hii siku tuliyomzika, fundi. Ubao ndio utanishinda? Kata.”

Msumeno ulipozama, Mize alishikilia ukingo uliolainishwa na kiganja cha mamake miaka arobaini. Kipande kikadondoka. Unga wa mbao ukatua sakafuni, na chumba kilichonuka chokaa mbichi tangu asubuhi kikaanza kunukia iliki ya jikoni kwa mama.

Chande akachukua ufagio. Mize akamzuia, akachuchumaa.